Namba tatu nimesaidiwa

Hapa kambini kuomba hakumshangazi mtu. Ukikosa chumvi unabisha hodi kwa jirani. Ukuta wako ukiangushwa na mvua, unaita vijana, wanakuja, wanakanyaga udongo, jioni ukuta umesimama. Hakuna anayeuliza kesho yake: hivi huo ukuta ni wa nani hasa, wako au wa wale vijana? Ukuta ni wako, basi. Lakini mtoto akileta kaye na kusema, "Mwalimu, nisaidie hii hesabu," watu wote wanageuka mahakimu. Amejibu yeye au umemjibia? Huo ni msaada au ni wizi? Nimefundisha hesabu na fizikia kwa kujitolea hapa Nyarugusu kwa miaka kadhaa, na swali hilo limenifuata mpaka kitandani. Nitalieleza ninavyoliona mimi. Ninyi mnaolala hapa na ninyi mnaokuja asubuhi na magari na kuondoka jioni, mtanikosoa.

Kwanza kisa chenyewe. Binti mmoja wa jirani, mtoto wa Nyanza-Lac kama mimi, yuko kwenye kozi ya maandalizi ya chuo. Jioni moja alikuja na maswali matatu. Karatasi zilikuwa zinakusanywa kesho yake saa mbili asubuhi, na anayeshindwa kukusanya mara mbili anatolewa kwenye orodha ya watakaoruhusiwa kuomba ufadhili. Yeye alishakosa mara moja, wiki ambayo mama yake alikuwa amelazwa. Na alfajiri ya siku hiyo hiyo ndiyo ilikuwa zamu ya familia yao kwenye mgawo, na yeye ndiye mwenye mgongo wa kubeba. Taa ya sola ilikuwa na mwanga wa kama saa moja. Akaweka kaye mezani akasema: "Mwalimu, nifanyie tu. Mimi nitanakili."

Maswali yalikuwa ya milinganyo ya diferansieli, kama wanavyoiita wanaosoma kwa Kifaransa. Kwa asiyeijua, si mdudu wa kutisha. Mlinganyo wa kawaida unakuuliza kitu ni kiasi gani. Huu haukwambii ni kiasi gani, unakwambia kitu kinabadilika kwa kasi gani, halafu wewe utafute kitakuwa wapi baadaye.

Swali la kwanza lilikuwa chai. Chai ya nyuzi 80 imewekwa kwenye chumba cha nyuzi 30. Baada ya dakika 10 imeshuka mpaka 55. Je, baada ya dakika 20? Mtu wa haraka atasema 30: imepoteza 25, itapoteza 25 nyingine. Sivyo. Kanuni ya Newton inasema kitu hupoa kwa kasi inayolingana na tofauti kati ya joto lake na joto la mahali kilipo. Tofauti ya mwanzo ilikuwa 50, baada ya dakika 10 ikabaki 25, yaani nusu. Dakika 10 nyingine zitaacha nusu ya hiyo nusu, 12.5, kwa hiyo chai iko kwenye nyuzi 42.5. Kadiri inavyokaribia hewa ya chumba ndivyo inavyokosa haraka. Hilo tulilifanya pamoja, mimi nikisema na yeye akiandika.

La pili lilihusu mwanga unaopungua ndani ya maji, na hapo nilifurahi. Nikamuuliza kama anakumbuka taa za usiku kule kwetu. Aliondoka na miaka tisa, mwaka 2015, kupitia Kagunga, katika ule umati ambao meli ya Liemba iliubeba kwa mafungu kuuleta Kigoma. Lakini anakumbuka. Usiku usio na mwezi, ziwa mbele ya Nyanza-Lac linajaa karabai kama mji mwingine, na ndagala wanapanda kufuata mwanga. Nikamwambia: sasa taa ile inashuka majini, na kila mita inakula sehemu ile ile ya mwanga uliobaki. Tuseme inakula sehemu moja ya kumi. Kutoka 100 unabaki 90. Mita ya pili haili 10 tena, inakula 9, unabaki 81. Ya tatu? Akasema 72.9 kabla sijamaliza kuuliza. Mlinganyo aliuandika mwenyewe, na alama ya kutoa akaiweka mahali pake.

La tatu lilikuwa tone la mvua linaloanguka huku hewa ikilizuia. Taa ikaanza kuwa nyekundu. Nikachukua kalamu nikaliandika lote mimi, mistari minane, naye akanakili. Kabla hajafunga kaye nikamtaka aandike chini yake: namba tatu nimesaidiwa. Hakupenda. "Watanikata, mwalimu." Nikamwambia inawezekana. Akaandika, lakini kwa herufi ndogo kweli kweli.

Mwalimu mwenzangu, mtu wa Uvira, tunafundisha darasa moja kwa zamu, aliposikia alikasirika. "Ndugu yangu, wewe umemwibia. Siku ya mtihani atakaa peke yake, wewe hutakuwepo. Na yule kijana aliyekesha akaliacha swali la tatu tupu kwa sababu hakuliweza, utamwambia nini?" Huyu si mtu wa kubishana ovyo. Ana hoja, na ile ya pili inauma kuliko ya kwanza.

Wengi wanaposikia mjadala huu wanakimbilia ule usemi wa samaki: usimpe mtu samaki, mfundishe kuvua. Umeandikwa kwenye mabango, umesemwa kwenye semina, nadhani kila mkimbizi ameusikia mara nyingi kuliko jina la babu yake. Sisi wa kando ya Tanganyika unatuchekesha kidogo. Kuvua tunajua. Baba zetu walijua ndagala anapanda usiku gani na mukeke anapatikana wapi. Mvuvi aliyekaa hapa bila ziwa hakukosa mafunzo, amekosa ziwa. Na hata kule ufukweni, kuvua si kazi ya mtu mmoja anayejua. Wavu unavutwa na kundi, na mtoto aliyeshika mwisho wa kamba, ambaye hajui chochote zaidi ya kuvuta, anapata fungu lake. Hakuna anayemwambia hujajifunza bado, subiri. Anajifunza akiwa ameshika kamba, na jioni anakula. Usemi ule unachukulia kwamba kupewa na kufundishwa ni vitu viwili vinavyogombana. Yule binti usiku ule alihitaji vyote viwili ndani ya saa moja.

Hata hivyo sisemi kila msaada ni sawa. Wapo vijana hapa wanaouza majibu, swali moja kwa kikombe cha unga, na wanunuzi hawajui hata swali lilihusu nini. Tofauti iko wapi? Kunijibu hilo, mtu aliyenifaa kuliko wote ni mwanafunzi wa Tanganyika wa zamani, Erasto Mpemba.

Mwaka 1963 Mpemba alikuwa kidato cha tatu shule ya Magamba, mkoa wa Tanga. Wavulana walikuwa wanatengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unaacha yapoe, unaweka kwenye friza. Siku moja nafasi kwenye friza ilikuwa inaisha, akaingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto. Aliporudi, yake yalikuwa yameganda kabla ya ya mwenzake aliyeyaweka yakiwa baridi. Akamuuliza mwalimu, akaambiwa umechanganyikiwa. Baadaye akiwa Mkwawa, Iringa, siku wanasoma kanuni hiyo hiyo ya Newton ya kupoa, akauliza tena. Mwalimu akajibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia. Tangu hapo darasa likawa na mchezo: akikosea chochote, wanamcheka kwamba hiyo ni ya Mpemba.

Sasa tusimdharau yule mwalimu wa Mkwawa, kwa sababu kitabu kilikuwa upande wake. Ukifuata mlinganyo wa chai peke yake, kikombe cha moto lazima kipite kwanza pale kikombe baridi kilipoanzia, na kikifika hapo kitafuata njia ile ile kikiwa kimechelewa. Hakiwezi kupita mbele. Mwalimu alitoa jibu ambalo mlinganyo unalitoa. Alichokosa ni kumuuliza kijana: uliona nini, wapi, kwenye friza gani?

Kisha akaja mgeni, Denis Osborne, aliyekuwa anafundisha fizikia chuo kikuu cha Dar es Salaam. Baada ya mhadhara Mpemba akasimama akauliza swali lake lile lile, wenzake wakacheka. Osborne hakuwa na jibu. Alimuuliza kama kweli ameliona jambo hilo, kisha akaahidi kwenda kulijaribu. Kule Dar akamwachia fundi wa maabara kazi hiyo. Fundi akaleta habari kwamba kweli maji ya moto yameganda kwanza, lakini asiwe na wasiwasi, wataendelea kurudia mpaka wapate matokeo sahihi. (Mimi kila nikikumbuka hapo nacheka peke yangu. Ripoti za namna hiyo tumeziona na hapa.) Mwaka 1969 makala ikatoka katika jarida la Physics Education ikiwa na majina mawili, la Mpemba likitangulia, na sehemu yake ameisimulia mwenyewe kwa sauti yake ya mwanafunzi. Wakati huo alikuwa anasomea wanyamapori chuo cha Mweka, karibu na Moshi.

Wanafizikia wanabishana mpaka leo. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, walipima kwa uangalifu wakasema katika maji hawaoni ushahidi wa kutosha. Mwaka 2020 Kumar na Bechhoefer kule Kanada walionyesha jambo la namna hiyo katika chembe ndogo sana walizozidhibiti kwa mwanga. Kwa hiyo Osborne hakumpa Mpemba jibu, na hata leo ukitaka jibu moja la mwisho hulipati. Alichompa ni maabara ambayo mwanafunzi hakuwa nayo, yaani alimfanyia kazi. Lakini swali liliendelea kuwa la Mpemba kuanzia Magamba mpaka kwenye karatasi, na jina lake halikufichwa, wala la aliyemsaidia.

Mfano wa pili nautaja haraka kwa sababu jina lake tunalisikia kila mwaka fomu zinapotoka. Ufadhili wa DAFI, ambao tangu 1992 unapeleka wakimbizi vyuo vikuu, umebeba jina la Albert Einstein. Huyu naye alikimbia: mwaka 1933 Wanazi walipochukua madaraka Ujerumani hakurudi tena, akaishia Marekani. Lakini mimi namtaja kwa jambo la kabla ya hapo. Akiwa mwanafunzi Zurich alikuwa anakwepa vipindi vya hesabu na kujiandaa kwa mitihani kwa madaftari ya rafiki yake, Marcel Grossmann. Mwaka 1912 alipokwama katika nadharia yake ya mvutano, kwa kuwa hesabu yake ilimshinda, alirudi kwa Grossmann yule yule kumwomba msaada. Mwaka 1913 wakatoa kazi pamoja, sehemu ya fizikia imeandikwa na mmoja, ya hesabu na mwingine. Milinganyo ya mwisho Einstein aliipata Novemba 1915, nayo ni milinganyo ya diferansieli, migumu kuliko chai yetu kwa mbali. Alipoandika maelezo kamili mwaka 1916 alimshukuru Grossmann kwa jina. Hivi kuna mtu anasema Einstein aliiba?

Basi nikamjibu mwenzangu wa Uvira hivi: wizi uko kwenye kuficha. Binti wetu alileta maswali anayoyataka, akatoa nguvu alizokuwa nazo usiku ule, na pale zilipoishia akaandika zimeishia. Aliyenunua jibu kwa unga hakuwa na swali, na anakaa kimya. Mwenzangu akatikisa kichwa. "Na yule aliyeacha tupu?"

Yule ananisumbua. Naweza kusema hivi tu. Ukishafungua mlinganyo wa namna hii, mwishoni inabaki herufi moja, C, ambayo mlinganyo wenyewe hauwezi kukupa. Wanafunzi wanaisahau karibu kila siku, nami nawaandikia kwa wino mwekundu: C iko wapi? C unaipata kwa kuuliza kitu kilianzia wapi. Chai ya nyuzi 80 na chai ya nyuzi 60 zinatii sheria moja, lakini huwezi kujua yoyote iko wapi saa hii kama hujui ilikoanzia. Ile kozi ina sheria moja kwa wote: maswali matatu, saa mbili asubuhi, ukikosa mara mbili unatoka. Wanaosimamia wanaona hiyo ndiyo haki, na ninawaelewa, kwa sababu sheria yenye vipengele vya kila mtu inageuka upendeleo upesi sana; tumeona orodha ngapi hapa zikiingizwa mashemeji. Lakini kijana aliyekesha alikuwa na usiku mzima na betri ya kaka yake. Binti alikuwa na saa moja. Kuwapa wote kiasi kile kile cha mwalimu si kuwapa sawa. Kama kijana angenibishia hodi ningemkalisha naye, na ningemuuliza kwanza ameanzia wapi. Hakubisha. Wapo wengi wasiobisha, hasa wavulana, na sijui niite nini hali hiyo kama si kiburi tulichowafundisha sisi wenyewe kwa kuwacheka wanaouliza.

Matokeo yalirudi. Swali la tatu alikatwa nusu ya alama, na msahihishaji akaweka mstari chini ya yale maneno madogo. Kwenye orodha alibaki, ila nafasi ya chini kuliko ambayo angepata kama angenyamaza. Siku mbili hakunisalimia. Mama yake ndiye aliyenisalimia, kwa ubaridi, tena akaniuliza kama ukweli wangu mimi unalipiwa na watoto wa wengine. Nikamwambia, mama, ni kweli, umelipiwa naye. Bado ningemtaka aandike.

Wiki iliyofuata binti alikuja, safari hii bila maswali ya kukusanya. Akafungua kaye kwenye tone la mvua, kile nilichoandika mimi, akasema: "Mwalimu, hii si ni chai ile ile?" Nikamwambia anionyeshe. Akaonyesha. Chai inakimbilia joto la chumba, na tone linakimbilia kasi yake ya mwisho, ile ambayo uzito na upinzani wa hewa vinatoshana. Tofauti inapungua kwa namna moja, herufi tu ndizo zimebadilishwa majina. Wala sikuwa nimemwambia. Alilipata kwa kukaa na mistari minane aliyonakili, akiwa kwenye foleni ya maji. Mwenzangu nilipomsimulia alisema huyo ni mmoja, wangapi wananakili na hawarudi? Ni wengi, hilo nalikubali.

Siku hizi mambo yamekuwa mepesi zaidi. Mwenye simu nzuri anapiga picha ya swali na simu inamjibu mistari yote, kwa Kifaransa safi kuliko changu, bila kuchoka na bila kudai unga. Sipigi marufuku, nitapigaje? Mmoja wa vijana wangu anaitumia vizuri: akijibiwa anauliza kwa nini, anabishana nayo, anakuja kwangu na pale walipokosana. Wengine wanapiga picha, wananakili, wanafuta picha. Kwangu wote sheria ni moja, na hii nakubali iwe moja: chini ya swali andika umesaidiwa na nani, awe mtu au simu. Mpaka sasa wanaoandika ni wachache, na mmoja ameandika amesaidiwa na Newton.

Tunakaa Jumanne na Alhamisi, saa kumi jioni, nyuma ya darasa la mwisho. Njoo na kaye hata kama una mstari mmoja tu ulioufuta mara tano. Mwenye taa iliyoshiba jua aje nayo, yangu inakufa mapema. Alhamisi yule wa Uvira anakuwepo pia, mtamsikia mwenyewe.